Mtaalamu wa Usemi na Lugha katika Shule ya Elimu Maalumu

Kazi ya mtaalamu wa usemi na lugha katika shule ya elimu maalumu ni kumwezesha mwanafunzi kuwasiliana na watu wanaomzunguka, kwa sauti, kwa ishara, kwa picha, kwa macho au kwa vyote pamoja, na kuhakikisha kwamba anakula na kunywa bila kudhurika. Sehemu hiyo ya pili huwashangaza walimu wengi. Midomo, ulimi, kaakaa na koromeo vinavyotumika kusemea ndivyo vinavyotumika kutafunia na kumezea, na mtoto ambaye mtindio wa ubongo umemfunga ulimi mara nyingi hupata taabu kwenye sahani kabla hajaipata kwenye daftari.

Afrika Mashariki wataalamu hawa ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008, na hadi leo wengi wa wahitimu wako kwenye hospitali za mijini. Anayeingia shuleni huwa peke yake, pengine akigawana siku zake kati ya shule mbili au tatu. Anawakuta walimu waliosomea elimu maalumu, wa Tanzania wengi wakiwa wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi huko Arumeru, Arusha, na wa Kenya Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoanzishwa mwaka 1986. Hao wanawajua wanafunzi kuliko faili lolote. Shule inayozungumzwa hapa ni ile ya kawaida ya ukanda huu: Kiswahili ni lugha ya darasani, watoto wenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo na sindromu ya Down wanasoma pamoja, baadhi wanalala bweni, na chumba cha tiba ama hakipo ama kimejaa magunia ya unga.

Wiki za kwanza

Mtaalamu mgeni hushawishika kuomba meza, viti viwili na orodha ya majina, aanze kuwaita watoto mmoja mmoja. Afadhali asubiri. Wiki mbili za mwanzo zina faida kubwa zaidi zikitumika kutazama: foleni ya uji wa saa nne, uwanjani, bombani, bwenini jioni, geti wakati wa kuchukuliwa. Katika kila mahali hapo kuna maswali machache ya kujibu. Nani anawasiliana na nani? Kwa njia gani? Anapata nini akifanya hivyo? Mtoto anayeandikwa kwenye rejista kuwa hasemi anaweza kuonekana akimvuta matroni kwa kanga hadi kwenye ndoo ya maji. Hapo ana ujumbe, ana mlengwa na ana njia. Kinachobaki ni kumpanulia njia hiyo.

Baada ya kutazama ndipo wanafunzi wapangwe kwa uzito wa shida, maana wote hawawezi kuhudumiwa kwa kina kimoja. Mbele kabisa ni wanaopaliwa au kukohoa wakila, kwa kuwa hao maisha yao yako hatarini. Wanafuata wasio na njia yoyote ya kuaminika ya kusema ndiyo, hapana, nataka na inauma. Halafu wanaotumia maneno machache wasioweza kuyaunganisha. Wanaokosea sauti moja moja wanakuja mwisho. Walimu kwa kawaida huleta wa mwisho kwanza, kwa sababu kosa la kutamka linasikika na ukimya hausikiki. Inahitaji upole kidogo kuwaeleza kwa nini kijana anayesema "kalibu" atangoja.

Masikio kabla ya mdomo

Hakuna tathmini ya usemi inayotangulia masikio. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana mirija myembamba ya masikio, na majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu yoyote. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au aliyepata manjano kali siku za kwanza za uhai, anaweza kuwa amepoteza usikivu bila mtu kujua. Masikio yanayotoa usaha ni jambo la kila msimu bwenini, na bado huachwa yakauke yenyewe.

Kiswahili kinaongeza mtego wake. Karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu ndizo zenye nguvu ya sauti. Mtoto anayesikia nusu hupata mdundo wa irabu, akaotea yaliyobaki kutoka kwenye uso na mkono wa msemaji, na mwalimu akaapa kwamba anasikia vizuri ila ni mkaidi. Anayetaka kujua amwite kutoka nyuma, bila kupiga makofi wala kukanyaga sakafu.

Kipimo cha haraka kinachofaa shuleni ni cha sauti sita za Daniel Ling: m, u, a, i, sh na s. Zote sita zimo katika Kiswahili, na kwa pamoja zinagusa masafa ya usemi kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Mpimaji hukaa kando au nyuma ya mtoto, umbali wa mita 1 hivi, akaficha mdomo kwa karatasi na kuitoa sauti moja moja kwa kiwango cha mazungumzo, akibadilisha muda wa kungoja ili mtoto asikisie. Mtoto hutumbukiza kizibo cha soda kwenye kopo kila anaposikia. Anayepata m na u lakini akakosa s na sh ana sababu ya kupelekwa hospitali hata kama anaitika jina lake. Mwenye shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, apimwe hivyo kila asubuhi, kwa kuwa betri iliyokufa haionekani kwa macho. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mashine ya hospitali. Kinaonyesha tu nani apelekwe kwanza. Kwa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuweka vipandikizi vya usikivu mwaka 2017, lakini hiyo ni huduma ya wachache, na umri ukishakwenda faida yake hupungua sana.

Kwa mwanafunzi kiziwi, Lugha ya Alama ni lugha kamili. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali kuendeleza matumizi ya Lugha ya Alama ya Kenya, na hakuna sababu ya mtaalamu wa usemi kuiona kama mpinzani wake. Ajifunze alama, awe nyuma ya watoto kwa ufasaha bila kuona haya, kuliko kupoteza miaka ya mtoto akimdai sauti asizozisikia.

Kutathmini kwa Kiswahili

Vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza au Marekani havifai kwa kutafsiriwa tu. Picha zake zina vitu ambavyo mtoto wa Kahama hajawahi kuviona, wastani wake ulitolewa kwa watoto wengine, na muundo wa lugha yenyewe ni mwingine. Kipimo kinachohesabu maneno katika sentensi kitamweka anayesema "sitakupa" kwenye daraja la neno moja. Ukweli ni kwamba mtoto huyo amekanusha, amejitaja, ametaja wakati ujao na ametaja anayenyimwa. Kinachohesabiwa katika Kiswahili ni viambishi: si-ta-ku-p-a, vitano.

Njia inayofanya kazi ni sampuli ya usemi. Mtoto na mwenzake, au mtoto na mlezi wake, hupewa kitu cha kufanya, mfano kumenya viazi, kupanga sufuria au kucheza na magari ya waya, na simu ikarekodi. Semi 50 zinatosha kwa kuanzia. Zinaandikwa kama zilivyotamkwa, bila kusahihishwa. Kisha msomaji wa sampuli hutazama: je, kuna kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi? Kuna cha wakati, na kinabadilika au ni -na- kila mahali? Mtoto anakanusha kwa ha- au anasema "hapana kula"? Upatanisho wa ngeli uko wapi? Hapa tahadhari inatakiwa. Anayesema "kitabu yangu imeanguka" mjini Nairobi anasema kama jirani zake. Kosa la lugha hupimwa kwa usemi wa watu wa nyumbani kwake; sarufi ya kitabuni haiwezi kuwa kipimo hicho.

Kwa matamshi ni vivyo hivyo. Mtoto wa Kisukuma au Kikuyu anayebadilishana r na l, mtoto wa Lamu anayesema "ndia" badala ya "njia", na wale wote, wakubwa kwa wadogo, wanaosema "zahabu" na "samani" kwa dhahabu na thamani, hawana ugonjwa. Kuna pia mambo ya umri. Irabu tano na sauti kama m, n, p, b, t, k hutangulia. R, dh, th na gh huchelewa. Mtoto mdogo hukata silabi ya mwanzo isiyo na mkazo, kitabu kikawa "tabu", sahani ikawa "hani". Hayo yakiendelea kwa kijana wa miaka 9 ndipo yawe na maana.

Mahojiano na mzazi yana uzito kuliko karatasi yoyote, mradi maswali yaulizwe vizuri. Swali la "anasema maneno mangapi?" huleta jibu la aibu au la kujipa moyo. "Akiwa na njaa mnajuaje?" huleta habari. Kilifi, mtafiti Katie Alcock na wenzake waliandaa orodha za msamiati wa watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama ili mzazi asiyejua kusoma aulizwe kwa mdomo, na kazi yao inaonyesha kwamba mama ambaye hajakanyaga shule ni shahidi mzuri wa lugha ya mwanawe. Katika mahojiano hayo lugha ya nyumbani iulizwe kwa heshima. Ushauri wa zamani wa kuwataka wazazi waache Kigogo au Kihaya ili mtoto "asichanganyikiwe" hauna msingi. Mtoto mwenye ulemavu anaweza kubeba lugha mbili kwa kadiri ya uwezo wake, na akinyimwa lugha ya bibi yake amenyimwa bibi.

Matokeo ya tathmini yanaingia kwenye mpango binafsi wa mwanafunzi, ule ule wa mwalimu, bila kufunguliwa faili la pembeni. Lengo liandikwe kwa namna ambayo mpishi anaweza kuona kama limefikiwa: "Wakati wa uji wa saa nne atagusa picha ya TENA bila kukumbushwa, mara 3 kati ya 5." Lengo la "kuboresha stadi za mawasiliano" halimfai mtu yeyote isipokuwa mkaguzi.

Mawasiliano bila sauti

Kwa shule nyingi za elimu maalumu, hapa ndipo penye kazi kubwa. Hatua ya kwanza kwa mtoto asiyesema ni ndiyo na hapana zinazoaminika. Mwenye mtindio wa ubongo mzito anaweza kuwa na kiungo kimoja tu anachokitawala: macho, kidole gumba, au kichwa upande mmoja. Kiungo hicho kikishajulikana, hujaribiwa kwa maswali ambayo jibu lake linajulikana na wote. Wewe ni Juma? Hiki ni kiatu? Akipatia mara nyingi, watu wote wa shule waambiwe kwamba kwake kutazama juu ni ndiyo. Isipofanyika hivyo, mwalimu mmoja ataielewa na watu kumi wataipuuza.

Halafu kuna picha. Kosa linaloonekana shule baada ya shule ni bango zuri la manila lenye simba, ndege, gari, chungwa na mpira. Mtoto anaweza kumgusa simba siku nzima bila kupata anachokitaka. Ubao unaofaa una maneno yanayofanya kazi mahali popote: nataka, sitaki, tena, basi, njoo, bado, nisaidie, inauma, msalani. Majina ya vitu yaongezwe baadaye kulingana na shughuli. Michoro ya bure ya ARASAAC, iliyotengenezwa huko Aragón nchini Hispania, inaweza kupakuliwa na kutumiwa bila malipo mradi haiuzwi, lakini mchoro wa mwalimu mwenyewe au picha ya simu iliyochapishwa stesheneri hutosha. Kwa mtoto ambaye picha bado haimwambii kitu, vitu halisi huanza: kikombe kwa kunywa, kipande cha sabuni kwa kuoga, kandambili kwa kwenda nje. Mtoto asiyeona naye hutumia hivyo hivyo, kwa kushika.

Ubao haufundishwi kwa kumwambia mtoto "onyesha". Mtu mzima hugusa picha huku akisema, mara nyingi, katika shughuli halisi, kwa wiki kadhaa kabla ya kudai chochote. Mtoto anayesikia hupata maelfu ya maneno kabla ya kutamka lake la kwanza. Wa picha naye anahitaji kuona picha zikisemwa. Baada ya hapo zinakuja nafasi zinazotengenezwa kwa makusudi. Kwa mfano, kwenye foleni ya uji mpishi humpa mtoto kikombe kitupu na kukaa kimya, akimtazama kwa uso wa kungoja, akihesabu moyoni hadi kumi. Mtoto anatazama kikombe, anatazama sufuria, mkono unasogea kwenye ubao ulioning'inizwa mezani. Mpishi anajaza nusu tu. Nusu inayobaki ndiyo nafasi ya "tena". Kungoja huko ndiko kugumu kuliko yote kwa watu wazima, na ndiko matroni na wapishi wanakohitaji kufundishwa kwa vitendo. Mpaka upo: chakula hakizuiliwi kamwe kwa mtoto asiyejibu. Akishangoja bila kuitika, hugusiwa picha na kupewa.

Wazazi na walimu huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto aache kusema. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazikuona usemi ukipungua, na kwa baadhi ya watoto uliongezeka kidogo. Vijijini Kilifi, mradi ulioandikwa na Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao ulipeleka mawasiliano ya namna hii majumbani, kwa vitu na picha za kawaida, na walezi walieleza mabadiliko katika jinsi walivyowaona na kuwaelewa watoto wao.

Mbao zilizofungiwa kabatini ofisini zisichafuke hazisaidii. Picha hufunikwa kwa selotepu pana, hutobolewa, hufungwa kamba, na huning'inizwa kwenye kimo cha mtoto chooni, jikoni, darasani na bwenini. Zitapotea na kuchanika, na zitatengenezwa nyingine.

Wenye usonji wanahitaji neno la ziada. Wengi hurudia walichosikia, na mwalimu huona ni kasuku. Mtoto akija na kusema "Unataka uji?" mara nyingi maana yake ni kwamba anautaka. Ameichukua sentensi nzima kama alivyoipokea, na kiambishi u- hakijageuka kuwa ni-. Jibu linalomsaidia ni kumpa uji huku akisikia "Nataka uji," kwa sauti ya mtoto na bila kumkaripia. Wengine hujipiga au kung'ata. Kabla ya kuiita tabia mbaya, kiandikwe kilichotangulia na kilichofuata kwa siku kadhaa. Mara nyingi itaonekana kwamba kung'ata ndiyo njia pekee iliyowahi kumtoa kwenye kelele, na picha ya "basi" ikiheshimiwa kila inapoguswa hupunguza mengi.

Chakula na kumeza

Dalili za mtoto anayemeza vibaya zinajulikana kwa kutazama: kukohoa akinywa, sauti kuwa ya majimaji baada ya tonge, macho kutoka machozi, midomo kubadilika rangi, mlo kupita dakika 30, uzito usiopanda, nimonia inayorudi. Wapo pia ambao chakula huingia njia ya hewa bila kikohozi chochote, kwa hiyo kutokohoa si kibali. Mwenye nimonia za mara kwa mara apelekwe hospitali, na mtaalamu wa shule asianze majaribio yake mwenyewe kabla ya daktari kumwona.

Kinachodhuru zaidi ni mkao. Picha ya kawaida ni mtoto aliyelazwa mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, na mlezi aliyesimama akimimina uji haraka kwa sababu wengine 12 wanangoja. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa iko wazi na chakula kinateremka kabla mtoto hajajiandaa kumeza. Mtoto akalishwe wima, nyonga zikiwa zimekunjwa sawa, miguu ikiwa na pa kukanyaga hata kama ni tofali, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Mlezi naye akae, uso wake uwe sawa na wa mtoto. Kijiko kidogo kitoke mbele na chini, kibonyeze ulimi kidogo na kutoka kikiwa kimenyooka. Kukisugua kwenye meno ya juu hukirudisha kichwa nyuma. Zoloto shingoni hupanda na kushuka mtoto anapomeza. Kijiko cha pili kingoje hapo. Pua haibanwi. Aliyesinzia kwa dawa za kifafa halishwi mpaka achangamke. Baada ya kula akae wima angalau nusu saa.

Uzito wa chakula ndio unaofuata. Maji na chai ndivyo vigumu kuliko vyote kwa asiyetawala ulimi, kwa kuwa vinakimbia. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI unapanga vinywaji na vyakula katika ngazi kutoka 0 hadi 7, na una kipimo cha bei nafuu kinachohitaji bomba la sindano la mililita 10 tu: bomba hujazwa, huachwa litiririke kwa sekunde 10, kisha hutazamwa kilichobaki. Maji huisha yote. Kikibaki kati ya mililita 4 na 8, kinywaji kiko ngazi ya 2. Mabomba ya sindano yana vipimo tofauti, kwa hiyo litumike lile ambalo mizani yake ya 0 hadi 10 ina urefu wa milimita 61.5. Kipimo hicho kinawaondolea mpishi wa asubuhi na wa jioni ubishi juu ya uji "mzito kiasi".

Kwa vyakula, jiko la shule lina mitego yake. Makande ni magumu mara mbili, kwa ganda la mahindi na kwa mchuzi unaotangulia punje. Wali mkavu hutawanyika mdomoni. Mchicha una nyuzi, maharage yana maganda, karanga ni hatari kwa asiyetafuna. Ugali uliopondwa na maziwa mgando au mchuzi mzito hadi uwe laini bila madonge, ndizi zilizosagwa, viazi vitamu na maharage yaliyochujwa maganda huwafaa wengi. Maziwa na mafuta kidogo huongezwa ili tonge dogo libebe nguvu. Mabadiliko haya hayaongezi gharama kubwa, ila yanaongeza dakika za mpishi, na bila mwalimu mkuu kuyakubali hayadumu hata wiki.

Kila mtu anayeingia bwaloni ajue la kufanya mtoto aliyevuka mwaka mmoja akikabwa na asiweze kukohoa wala kutoa sauti: mapigo 5 kati ya mabega kwa kiganja, yakishindikana mibano 5 ya tumbo kutoka nyuma, kwa zamu, huku mwingine akitafuta gari.

Sauti na kigugumizi

Kwa wanafunzi wanaosema na kukosea sauti, Kiswahili kinatoa jozi za maneno zilizo tayari. Anayesema t mahali pa k hupewa picha za kaa na taa, akaomba moja na kupewa alichokitamka, wala si alichokusudia. Kicheko hufanya kazi ambayo kurudia mara 20 haiwezi. Kwa sauti zisizo na mtetemo kuna tamu na damu, koti na goti, fua na vua. Kwa sh na ch kuna shoka na choka. Zoezi la dakika 5 kila siku darasani linazidi nusu saa ya wiki chumbani. Kupuliza mirija na filimbi huchangamsha watoto, lakini hakufundishi kutamka. Wenye kaakaa lililopasuka, ambao sauti yao hutokea puani, wanahitaji upasuaji kabla ya mazoezi; hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoufanya. Kukata kimeo au utando wa chini ya ulimi hakumfundishi mtoto kusema, na mzazi anayekusudia hivyo aambiwe mapema na kwa utulivu.

Mwenye kigugumizi hasaidiwi na "vuta pumzi, anza tena". Anasaidiwa na msikilizaji anayengoja, asiyemmalizia maneno, na mwalimu asiyemsimamisha kusoma kwa zamu akiwa hajajiandaa.

Walimu, matroni na nyumbani

Mtaalamu anayeshughulika na watoto peke yake shuleni hutoweka na matokeo yake siku anapohama. Mafunzo ya walimu na matroni yanafaa yakiwa mafupi na ya jambo moja: wiki hii kungoja hadi kumi, wiki ijayo kijiko. Aoneshe yeye kwanza, mlezi afanye mbele yake, kisha aondoke. Semina ya siku mbili yenye posho ina nafasi yake, ila jikoni ndiko kunakobadilika mambo. Heshima inatakiwa pande zote mbili. Matroni wa miaka 20 kazini anajua ni mtoto gani hukohoa usiku, na hataki kufundishwa na kijana aliyefika jana bila kwanza kuulizwa.

Wazazi wa watoto wa bweni huonekana wakati wa kufungua na kufunga shule, kwa hiyo siku hizo zitengwe. Mzazi aondoke na picha tano zile zile zinazotumika shuleni, na video fupi ya simu ikimwonyesha mwanawe akizitumia. Swali la "atasema lini?" lijibiwe kwa ukweli uliopo: kinachoonekana sasa, kinachotarajiwa mwaka huu, na kwamba hakuna anayeweza kuahidi zaidi. Wengine watakuwa wamepita kwa waganga na kwenye maombezi. Haifai kubishana nao; kinachofaa ni kuuliza waliambiwa nini, na kuhakikisha dawa za kifafa hazikuachwa.

Kumbukumbu

Kila mwanafunzi awe na ukurasa mmoja wa maendeleo kwa muhula, tarehe, lengo, kiasi cha msaada aliohitaji, na jina la aliyefanya naye. Video zipigwe kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi na zisizagae kwenye makundi ya WhatsApp. Rufaa zote zibaki na nakala: masikio, meno, daktari wa watoto, mtaalamu wa viungo kwa ajili ya kiti. Nchini Kenya, vituo vya upimaji wa kielimu vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1984 hupokea taarifa hizo. Tanzania hupitia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Mwanafunzi anapohamia darasa la ufundi, shule nyingine au nyumbani moja kwa moja, hupewa karatasi moja iliyoandikwa kwa kauli yake mwenyewe: jinsi anavyosema ndiyo na hapana, anavyoomba maji, uji wake uwe mzito kiasi gani, akae vipi akila, kinachomtisha na kinachomtuliza. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe na mtu asiyemjua ili kuona kama inaeleweka, na nakala zake ziwe tatu: ya mzazi, ya anakokwenda na ya faili la shule.